Umeme Usiosikika

Obihiro, Februari. Maji ya ndoo yameganda tena,
nayavunja kwa kisigino cha buti.
Tetsuhomare hanitazami. Tangu lile shindano
mguu wa kushoto ameutanguliza kidogo,
kama mtu anayemnyooshea mwenziwe kitu asichokitaka.

Nilikuwa juu ya sleji. Niseme mwenyewe
kabla hawajasema wengine.
Kilo mia saba za chuma, kilima cha pili, mchanga umelowa;
nikampigia hatamu, nikamwita kwa jina la mama yake,
akapanda.
Akapanda, na kileleni kitu kikakatika ndani yake
bila mlio. Aliyelia ni mimi.

Kano, akasema daktari. Picha ilionyesha nyuzi,
na katikati ya nyuzi shimo jeusi.
"Miezi sita, kama ana bahati."
Bwana Shikama, mwenye farasi, akahesabu nyasi za miezi sita,
kisha akahesabu bei ya nyama kwa kilo.
Nilimwona akihesabu. Vidole havikumtosha.

Ndipo akaja Kuwabara Setsuko na kisanduku
kidogo kuliko chombo changu cha chakula:
nyaya nne, vibandiko vinne, chupa ya maji ya chumvi.
Akanyoa manyoya, akalowesha ngozi, akabandika, akabonyeza.
Nikangoja cheche. Nikangoja mtetemo, angalau mngurumo.
"Umewaka?"
"Umewaka."
"Mbona..."
"Ni sehemu za milioni za ampea moja. Mwili wenyewe
hutumia kiasi hicho kuzungumza na vidonda vyake.
Mimi simpigii kelele. Namnong'oneza."

Nilicheka puani.
Baba yangu alitibu miguu kwa chuma chekundu,
mistari mitatu ya moto juu ya kano,
ili mwili ukasirike, upone kwa hasira.
Dawa ya moto ni moto. Harufu ile
ilikaa katika koti lake mpaka tukamzika nalo.

Usiku, Setsuko alipokwisha kwenda akaniachia kisanduku,
nilibandika viwili kwenye kifundo cha mkono wangu.
Nikabonyeza. Nikaziba pumzi.
Sikusikia kitu.

Lakini mimi, ni vingapi nimewahi kusikia?
Wiki nzima kabla ya shindano
palikuwa na joto dogo nyuma ya mguu ule,
uvimbe wa punje moja ya mahindi.
Kiganja changu kilipita juu yake kila asubuhi,
na kila asubuhi kiganja changu kilikuwa na haraka.

Siku ya tisa, katikati ya dakika arobaini na tano,
Tetsuhomare alipiga mwayo.
Mwayo wa farasi wa tani moja si jambo dogo:
meno yote, ufizi wote, macho yakageuka meupe,
kisha mdomo wa chini ukaning'inia
kama mfuko uliokwisha kumwagwa.
Setsuko aliandika saa kwenye daftari. Hakusema neno.

Machi, lori la mnada lilikuja Jumanne,
likapakia wawili wa banda la jirani.
Injini ilinguruma muda mrefu mbele ya mlango wetu.
Labda dereva alikuwa akiwasha sigara tu.

Aprili, picha mpya. Shimo limeingia kijivu,
nyuzi zimeanza kulala upande mmoja.
"Ni mashine?" nikauliza.
"Labda," akasema daktari. "Labda kupumzika. Labda ujana wake."
Nikamgeukia Setsuko. Alikuwa akizikunja nyaya,
polepole, kitanzi juu ya kitanzi,
wala hakudai sifa.

Siku hizi naweka kiganja juu ya kano ile
nahesabu hadi mia. Kisha mguu wa pili, hadi mia.
Bwana Shikama hupita, huuliza kuna nini huko chini.
"Nasikiliza," namwambia.
Hutikisa kichwa, huenda zake na kalamu yake.

Leo nilifika themanini na tatu.
Akaurudisha mguu nyuma, chini ya kifua chake,
akauegemea.
Ubao wa sakafu ukalia.
Nikapoteza hesabu, nikaanza tena: moja.